MAJI NDANI YA GESI: UTANDO CHINI YA BAHARI



Kabla sijasonga mbele ningependa kuomba radhi. Wale waliohudhuria mkutano wa Chama cha Kiswahili muhula uliopita wanakumbuka vile nilivyosimama mbele yao, nikakohoa kidogo kama mhadhiri, kisha nikatangaza, "Utando ni kama chujio la chai. Maji hupita, gesi hubaki." Mlinipigia makofi. Sasa nimegundua ya kwamba makofi yale sikustahili hata moja, na makala haya ni ya kurekebisha kosa lile. Nitaeleza jinsi maji yanavyoweza kuondolewa katika gesi asilia chini kabisa ya bahari kwa kutumia utando, na ni kwa nini chujio la chai halihusiki hata chembe.

Mambo yenyewe yalianzia jikoni. Kama mjuavyo, uji wetu wa asubuhi huchemshwa kwa biogesi itokayo katika lile tangi nyuma ya zizi la ng'ombe. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa ya kukata masikio, moto ulianza kurukaruka: pu, pu, pu, kisha kimya. Nilikuwa zamu. Mzee wa jikoni akaniita.

"Wee kijana, kuja hapa. Enda ufungue ile koki ya chini. Bomba imeshika maji."

"Maji yametoka wapi mzee, na mvua haijanyesha wiki mbili?"

"Yako ndani ya gesi."

Nikadhani ananitania. Nilipofika bondeni, pale ambapo bomba limeinama kabla ya kupanda kuelekea jikoni, nikafungua koki. Maji yakatoka, tena si haba, na harufu yake sitaieleza katika gazeti la heshima kama hili. Nilipofunga koki moto ukawaka vizuri. Lakini wapi! Uji ulikuwa umechelewa, Kidato cha Kwanza wakaingia darasani na njaa, na lawama zote zikaniangukia mimi, maana kufungua koki hiyo kila Jumatatu ilikuwa ni kazi yangu nami nilikuwa nimeisahau kwa majuma matatu.

Mzee wa jikoni hakuwa akitania. Gesi yoyote iliyokaa pamoja na maji hushiba mvuke. Mita moja ya ujazo yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi hubeba kama gramu 23 za mvuke wa maji. Ipoeze hadi nyuzi 15, itaweza kubeba kama gramu 13 tu. Zile 10 zilizozidi zitakwenda wapi? Hugeuka matone na kuteremka hadi mahali palipoinama. Na kwa kuwa biogesi yetu husukumwa na shinikizo dogo sana, maji ya kina cha kiganja cha mkono tu yanatosha kuizuia isipite.

Sasa tutoke bondeni kwetu twende baharini. Gesi asilia ni jamii moja na biogesi: sehemu yake kubwa ni methani. (Msiichanganye na gesi ya mtungi inayouzwa dukani. Hiyo ni propani na butani, nayo ni habari nyingine.) Gesi asilia huwa imefungiwa katika miamba yenye maji, kwa hiyo inapotoka kisimani hutoka ikiwa ya moto na imeshiba mvuke, sawasawa na ile ya tangi letu. Halafu inaingia katika bomba lililolazwa sakafuni mwa bahari, ambako maji yana nyuzi 4 au hata chini yake. Ni Julai ya mwaka mzima.

Lau shida ingekuwa ni matone tu, ingekuwa nafuu. Kumbe kuna jambo baya zaidi. Maji yakikutana na methani kwenye baridi na shinikizo kubwa, molekuli za maji hushikana na kujenga vizimba vidogo vidogo, na ndani ya kizimba molekuli ya gesi hufungiwa kama kuku. Kitu hicho huitwa haidreti. Ukikitazama utasema ni barafu au theluji chafu, lakini si barafu: ukikitia kiberiti kinawaka. Mita moja ya ujazo ya haidreti inaweza kufungia ndani yake kama mita 160 za ujazo za gesi. Isitoshe, haihitaji baridi ya kugandisha maji. Kwenye nyuzi 4, methani huanza kugandamana na maji shinikizo likifika karibu mara 40 ya hili la hewa tunayopumua, na bomba la baharini aghalabu hupita hapo kwa mbali. Mnamo mwaka wa 1934 Mmarekani aitwaye Hammerschmidt ndiye aliyeonyesha kwamba kile kilichokuwa kikiziba mabomba ya gesi, ambacho watu walikidhania barafu, kilikuwa ni haidreti.

Jinsi kitu hiki kilivyo kikaidi ilionekana na dunia nzima mwaka wa 2010. Tarehe 20 Aprili mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 wakafa, na kisima kikawa kinamwaga mafuta na gesi kwenye kina cha mita 1,500 hivi. Mwezi wa Mei wahandisi wakateremsha sanduku kubwa la chuma, uzito wake kama tani 100, ili walifunike tundu na kuyavuta mafuta juu. Haidreti ikajijenga ndani ya sanduku, ikaziba njia ya kutokea, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ikaanza hata kulielea sanduku lenyewe. Ikabidi waliondoe. Pale hapakuwa na koki ya kufungua wala kijana wa kutumwa.

Basi watu wa gesi hufanyaje siku zote? Njia ya kwanza ni kuyaacha maji humo humo lakini kuyatilia dawa. Nchini Norway kuna eneo liitwalo Ormen Lange, kama kilomita 120 kutoka pwani, ambako gesi ilianza kuvutwa mwaka wa 2007. Kina chake ni kati ya mita 800 na 1,100, na maji ya chini huko hushuka hata chini ya nyuzi 0. Hakuna mtambo wowote juu ya maji. Badala yake kuna mabomba yanayopeleka kimiminiko kiitwacho glikoli kutoka nchi kavu hadi visimani, glikoli inachanganyika na maji na kuyazuia yasijenge vizimba, halafu vyote vinarudi pwani pamoja na gesi, glikoli ichemshwe maji yatoke, ianze safari upya. Inafaulu. Ila fikiria gharama ya kuilaza njia ya dawa kilomita 120 kwenda, na mitambo ya kuisafisha ikirudi.

Njia ya pili ni kuikausha gesi kabisa. Hapo hutumika aina nyingine ya glikoli, yenye kiu kali ya maji, nayo humwagwa kutoka juu ya mnara mrefu huku gesi ikipanda kutoka chini. Wakipishana, glikoli huyanywa maji. Kisha glikoli huchemshwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi ili iyatapike maji hayo. Huko Marekani mikataba mingi huruhusu gesi ya bomba iwe na pauni 7 tu za maji kwa kila futi milioni 1 za ujazo. Nimepiga hesabu: ni lita 3 na kidogo katika gesi ya kujaza mita za ujazo 28,000. Mnara huo huweza kufanya kazi hiyo bila taabu, mradi uwe juu ya jukwaa au nchi kavu. Chini ya bahari mnara mrefu wenye tanuri ya nyuzi 200 ni mzigo mzito mno, tena hakuna mtu wa kuuangalia.

Ndipo unapoingia utando. Na ndipo nilipoanguka mimi.

Kosa langu lilitokana na neno lenyewe. Katika lugha yetu utando ni vitu viwili. Kuna utando wa buibui, wenye matundu mengi. Na kuna utando wa maziwa, ile ngozi inayotanda juu ya maziwa yaliyochemka yakapoa, isiyo na tundu hata moja. Mimi nilikuwa na buibui kichwani. Nikaona matundu, maji madogo yakipita, methani kubwa ikikwama. Nilipomaliza kusema, mwalimu wa Kemia, ambaye alikuwa mgeni wetu siku hiyo, akainua mkono.

"Umesema vizuri. Lakini nani anayasukuma maji yavuke?"

"Gesi, Mwalimu. Shinikizo la gesi."

"Na shinikizo hilo linasukuma maji peke yake? Methani limeisamehe?"

Nikanyamaza. Watu wakacheka. Nikakaa.

Nimeshinda maktaba majuma mengi tangu siku hiyo, na sasa naweza kumjibu. Kwanza, utando unaotenga gesi ni wa maziwa, si wa buibui. Ni ngozi ya polima isiyo na matundu, aghalabu nyembamba kuliko sehemu 1 ya elfu ya milimita, ikiwa imetandwa juu ya kitu chenye vinyweleo ili isipasuke. Vipi basi kitu kinapita pasipo na tundu? Tazama puto la sherehe. Lifunge barabara uwezavyo, baada ya siku chache litakuwa limenywea. Mwaka wa 1831 daktari mmoja wa Philadelphia, J. K. Mitchell, alitambua kwamba maputo ya mpira hunywea kwa kasi tofauti kufuatana na gesi iliyomo. Na hapa ndipo chujio langu linapovunjika vipande: katika mpira, kaboni dayoksaidi hupita upesi kuliko haidrojeni, ingawa molekuli ya haidrojeni ni ndogo zaidi! Lau mpira ungekuwa chujio, jambo hilo lisingewezekana. Thomas Graham, mkemia wa Uskoti, ndiye aliyefumbua fumbo hilo mwaka wa 1866. Gesi haipiti tunduni. Huyeyuka kwanza ndani ya mpira kama sukari katika chai, husafiri ndani yake, halafu hutoka upande wa pili. Kwa hiyo kinachopita upesi ni kile kinachopendwa na ngozi na vilevile kuweza kusafiri ndani yake. Maji yana bahati zote mbili: zipo polima zinazoyapenda sana, na molekuli yake ni ndogo kuliko ya methani.

Pili, lile swali la kusukuma. Hili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa hiyo nivumilieni kidogo, mchukue kalamu.

Tuseme gesi iko kwenye shinikizo mara 100 ya hewa ya kawaida, na katika kila molekuli 1,000 moja ni ya maji. (Namba hizi nimezichagua ziwe nyepesi.) Katika shinikizo hilo la 100, fungu la maji ni 0.1 tu. Methani inasukuma kwa 99.9. Maji huvuka utando kwa kufuata fungu lake mwenyewe, hayajali msukumo wa jirani. Sasa upande wa pili tuuache kwenye shinikizo 1. Maji yatavuka mpaka fungu lake huko nalo lifikie 0.1, na hapo yatasimama, kwa sababu yanayokwenda yatakuwa sawa na yanayorudi. Kumbe maji peke yake hayawezi kamwe kufikisha 1. Ili yachukuliwe na kutolewa kwenye shinikizo hilo, lazima yapate mwenzi wa kujaza ile 0.9 iliyobaki, na mwenzi aliye karibu ni methani. Ndiyo kusema kwa kila molekuli 1 ya maji tunapoteza methani zisizopungua 9. Na kadiri gesi inavyokauka ndivyo hasara inavyozidi: maji yakibaki 1 katika 10,000, fungu lake ni 0.01, nasi tunapoteza methani 99 kwa 1.

Angalia vizuri: katika hesabu hii sikusema utando ni hodari kiasi gani. Hata uwe hodari mara milioni, jibu ni lile lile. Nilikuwa nikidhani kazi yote ni kutafuta ngozi nzuri, kumbe taabu iko upande wa pili wa ngozi. Maji yakishavuka, yanakwenda wapi?

Wapo watakaosema, weka pampu upande wa pili inyonye, shinikizo liwe chini zaidi. Juu ya nchi kavu, sawa. Lakini kwenye kina cha mita 2,000 bahari inagandamiza kwa mara 200 ya hewa ya kawaida. Chochote unachotaka kukitoa nje pale, hapana budi ukisukume dhidi ya mlima huo. Na ile methani iliyopotea huwezi kuiachilia baharini. Itabidi uibane upya uirudishe bombani. Mtambo uliotakiwa kuwa mdogo umeota kompresa na pampu.

Watafiti wa chuo kikuu cha NTNU mjini Trondheim, Norway, wameichungulia njia nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya badala ya kujificha. Upande wa pili wa utando hawaachi hewa. Wanapitisha glikoli, ile ile yenye kiu, tena ikiwa na shinikizo linalokaribiana na la gesi. Gesi inapita upande mmoja, glikoli upande mwingine, hazichanganyiki. Maji yanavuka na papo hapo yananywewa, kwa hiyo fungu lake upande wa pili linabaki dogo mno na mengine yanaendelea kuvuka. Methani nayo? Glikoli haina hamu nayo sana, kwa hiyo inayopotea ni kidogo. Mnara umegeuka kuwa fungu la vifaa visivyohitaji urefu, ambavyo havijali kama vimesimama au vimelala. Ngozi yenyewe lazima isiruhusu glikoli kupenya kurudi kwenye gesi. Miongoni mwa zilizojaribiwa ni polima ya jamii ya Teflon, ndugu ya ile iliyo kwenye kikaango kisichoshika chapati.

Imebaki glikoli iliyolowa. Itakaushwaje bila tanuri? Kwa utando wa pili. Glikoli hupashwa moto kiasi na kupitishwa upande mmoja, na upande wa pili, baada ya nafasi ndogo, kuna ukuta unaopozwa na maji ya bahari. Mvuke unavuka ngozi, unakutana na ukuta wa baridi, unageuka matone. Maana kitu kikigeuka matone fungu lake la mvuke hushuka, na mwingine unafuata. Hapa nilicheka peke yangu maktaba, mwangalizi akanikodolea macho. Baridi ya bahari, ile ile iliyotuletea haidreti, ndiyo inayofanya kazi ya pampu!

Nisiwadanganye tena. Ninapoandika haya, kazi hii ingali katika maabara na katika hesabu za kompyuta. Haujawekwa mtambo wa namna hii sakafuni mwa bahari ukauza gesi. Hata hivyo jambo hili halituhusu kwa mbali. Jirani zetu Watanzania wanatumia gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka wa 1974 na kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka wa 2004. Hiyo ni ya kina kifupi na hutayarishwa kisiwani pale pale. Lakini tangu 2010 gesi nyingi zaidi imegunduliwa katika maji yao makuu, baadhi ya visima vikiwa kwenye kina cha zaidi ya mita 2,500, nayo bado haijaanza kuvutwa. Msumbiji wameamua njia yao: tangu 2022 meli ya Coral Sul inavuta gesi kutoka kina cha mita 2,000 hivi na kuipoza mno iwe kimiminiko juu kwa juu. Siku gesi ya Tanzania itakapovutwa, mtu atalazimika kuamua maji yaondolewe wapi, na kwa nini.

Nilimweleza Mzee wa jikoni haya yote tukimenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo ngozi ikichoka, nani anaenda kuibadilisha?" Nikamwambia hakuna mzamiaji anayefika kina hicho, zipo mashine zinazoongozwa kwa waya kutoka melini, zingefungua sanduku zima na kulipandisha. Ngozi huchoka kweli. Hubanwa na shinikizo, huvimba ikilowa kwa muda mrefu, na yale mafuta mazito yanayosafiri na gesi huichafua. Ndiyo maana wanaoipima hawaishii kuuliza inapitisha maji mangapi leo, bali itapitisha mangapi baada ya miaka. Mzee akatikisa kichwa, akanikumbusha kuwa kesho ni Jumatatu.

Mwalimu mlezi wa chama, baada ya kuyasoma makala haya, alipendekeza tuliache neno utando kwa buibui na maziwa, na kifaa hiki tukiite kiwambo, kama ile ngozi inayowambwa juu ya ngoma. Ngoma haina tundu, na ngozi yake imetandazwa juu ya kitu cha kuishikilia. Mimi naelekea kukubali, ila katibu wetu anashikilia kwamba utando umekwisha kuzoeleka katika vitabu vya Biolojia. Suala hilo litapigiwa kura katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Mwenye neno la tatu aje nalo.